Kesi Iko Mahakamani, Mtoto Yuko Mnadani

Siku ya mnada, Mwende wangu alirudi nyumbani na alama ya rangi nyekundu mgongoni. Si tone. Ni mstari mrefu, umepigwa na mkono uliozoea. Kama hujawahi kufika mnada wa mbuzi huku kwetu, nikueleze: bei ikishakubaliwa, mnunuzi anampiga mbuzi rangi mgongoni ili asichanganyike na wa mwenzake. Kwa hivyo mtoto wangu wa miaka mitano alikuwa amenunuliwa.

"Nani amekupaka?"

"Mzee wa kofia. Nilikuwa nimeinama natafuta penseli." Alikuwa anacheka. "Kavuli wa darasa letu yeye amepakwa bluu, mama. Lakini nyekundu ndiyo ya bei ya juu."

Mwalimu wake alinipigia simu jioni kuomba msamaha, maskini, kama ni yeye alishika brashi. Ati yule mzee hakuangalia, alikuwa anapaka haraka haraka, mgongo baada ya mgongo. Nikamwambia mwalimu simlaumu mzee. Mtu akienda zizini anatarajia kukuta mbuzi.

Chekechea yetu inasomea kwenye zizi la mnada, pale pembeni penye mabati. Chumba chao kipya kiko mita mia moja kutoka hapo, kimepakwa rangi nzuri ya manjano, kina madirisha, na kina kufuli mlangoni. Kufuli hiyo imekaa mihula mitatu. Kila tukiuliza, tunajibiwa maneno matatu: jambo liko mahakamani.

Sasa, mchungaji wetu ameniomba niwaandikie ninyi mnaomaliza kidato cha nne maneno ya kuwatia moyo kuhusu kazi niliyofanya. Alitaka ya kutia moyo. Atapata haya.

Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na mmoja na nimestaafu kupeleka chai. Miaka saba nilipeleka chai na karatasi katika bunge la kaunti, na sitasema kaunti gani. Nilizaliwa Kikima, nikaolewa huku karibu na mto Athi, na ukivuka Athi umebadilisha kaunti lakini mbuzi ni wale wale. Mkataba wangu uliisha nikiwa na mimba ya Mwende, tumbo likawa linafika kwa waheshimiwa kabla ya sinia, basi sikuomba mwingine.

Mtaambiwa kupeleka chai si kazi ya mtu aliyesoma. Mpeni anayesema hivyo sinia abebe. Chai ina elimu yake. Ya kwanza: chai haimiminwi mtu akisimama kwa hoja ya nidhamu, kwa sababu hapo ndipo mikono inarushwa. Ya pili: ukiwa umebeba sinia, hakuna anayekuona. Watu watasema mbele yako mambo ambayo hawawezi kuambia bibi zao. Ya tatu: jifunze kusoma karatasi ikiwa juu chini. Mimi mpaka leo nikishika gazeti sawasawa nasoma polepole.

Na mtakosea. Wiki yangu ya kwanza Spika aliuliza wanaokubali waseme ndiyo. Mimi nikiwa nyuma na birika, na moto wa ugeni, nikaitika "Ndiyooo!" kuliko wote. Bunge zima likanigeukia. Spika akaangalia juu ya miwani akasema, "Karani, andika kwamba birika haina kura." Miezi sita waliniita Mheshimiwa Birika.

Lakini huyo ni mimi. Ninayetaka kuwaeleza ni mheshimiwa mwingine, mwakilishi wa wadi yetu, ambaye pia tulimpa jina huko nyuma kwenye chumba cha chai. Tulimwita Bahasha.

Bahasha hakuwahi kuingia bungeni bila bahasha ya kaki chini ya kwapa. Mtu akileta jambo ambalo halimpendezi, tuseme choo cha soko, au kisima kilichochimbwa mahali hakuna maji, yeye anangoja mpaka mazungumzo yawe matamu. Halafu anasimama, anainua bahasha juu.

"Hoja ya nidhamu, Bwana Spika! Jambo hili liko mahakamani. Nina stakabadhi hapa."

Basi. Kila mtu anaogopa neno mahakama. Spika anaitisha jambo linalofuata, choo cha soko kinaahirishwa, na watu wa soko wanaendelea kujisaidia nyuma ya ghala la mahindi. Niliiona hiyo bahasha ikipanda na kushuka kuliko bendera.

Siku moja niliimwagia chai. Nasema ukweli, haikuwa kusudi. Nilivunja ile kanuni yangu ya kwanza. Walikuwa wanabishana juu ya choo hicho hicho, nikadhani Bahasha amemaliza, nikamimina, na yeye akarusha mkono. Chai yote ikaingia kwenye bahasha. Akanipa jicho, akasema kwa sauti ya chini, "Peleka ukaushe. Usifungue."

Sasa niambieni, vijana wa sayansi, bahasha iliyolowa inakaushwaje bila kufunguliwa?

Niliifungua. Pole pole, nisije nikaharibu amri ya jaji. Nikatandaza karatasi moja moja juu ya kifuniko cha birika kubwa. Kulikuwa na kadi mbili za kamati ya harusi. Kulikuwa na programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Migwani, picha ya marehemu akiwa amevaa suti. Kulikuwa na cheti cha chanjo ya mbuzi. Nikageuza bahasha nikaipiga makofi matakoni kama mtoto aliyepaliwa. Ikatoka risiti ya mafuta.

Nilipomrudishia, aliniangalia sana.

"Umeona nini?"

"Nimeona chai, mheshimiwa."

"Msichana mwerevu."

Na huo, wanangu, ndio ujinga mkubwa kuliko yote niliyofanya kazini, kuliko kura ya birika. Nilinyamaza. Nilikuwa na kazi, nilikuwa naogopa, na choo cha soko hakikuwa changu. Niliona ni kichekesho. Nilicheka nayo miaka, nikimsimulia huyu na yule. Kumbe bahasha ile ile ilikuwa inamngojea mtoto wangu, na mtoto mwenyewe hajazaliwa.

Mtu mmoja tu ndiye hakucheka haraka. Mama Syombua alikuwa mtunza karatasi wa bunge, mama mwenye miwani iliyofungwa na uzi wa viatu, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye masjala ya mahakama mpaka nywele zikageuka. Nilipomwambia habari ya kadi za harusi, alitafuna muhogo wake mpaka ukaisha, ndipo akacheka, tena akicheka aliniangalia vibaya.

"Keti," akasema. "Wewe unafikiri hiyo sheria ya mambo yaliyo mahakamani ni ya upuzi?"

"Si ni njia ya kuzima watu?"

"Ni kisu. Kisu kinakata nyama, na kinaibiwa na mwizi pia. Unakumbuka yule mwalimu aliyeshtakiwa kwa mahindi ya shule?"

Nilimkumbuka. Waheshimiwa walitaka kumjadili mchana kutwa, na Spika akakataa katakata, na wananchi wakakasirika. Mimi pia nilikasirika.

"Hakimu wa ile kesi," akasema Mama Syombua, "anaimba kwaya na sisi. Ananunua nyanya pale pale tunaponunua. Bunge zima likisema mchana kwamba mwalimu ni mwizi, jioni hakimu ananunua nyanya na kila mtu anamwambia mwalimu ni mwizi. Kesho atasikiza nini? Ameshasikizishwa. Na yule mwalimu aliachiliwa, mahindi yalikuwa yameandikwa vibaya tu stoo. Kama wangekuwa wameshamwita mwizi bungeni, nani angeyafuta hayo maneno? Maneno ya bunge yanaandikwa, mwaitu. Mimi ndiye nayatunza. Hayafutiki."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na aliniita hivyo kabla sijawa mama wa mtu, kwa hivyo nilijua jambo ni zito.

Halafu akanifundisha. Naandika hapa kwa sababu shuleni hamtafundishwa, na kwa sababu ilikuwa ndiyo mshahara wangu wa kweli. Kanuni za Kudumu za bunge hazisemi mtu akitaja mahakama watu wanyamaze. Zinasema anayedai jambo liko mahakamani ndiye alete ushahidi. Yeye, si wewe. Alete namba ya kesi. Aonyeshe kesi iko hai. Tena aonyeshe kwamba mazungumzo yenyewe yataharibu haki ya wale walio mbele ya jaji. Na hata hapo, Spika ana ruhusa ya kuacha jambo liguswe kwa uangalifu.

"Kesi kuwa hai ni nini?" nikamuuliza. "Si ikishapelekwa iko hai?"

Hapo alivua miwani. "Wewe umeolewa?"

"Niko na mtu."

"Ntheo imepelekwa?"

Kwa ambao wamekulia mjini: ntheo ni wale mbuzi wa kwanza wanaopelekwa kwa kina msichana. Kabla hawajafika, mnaweza kupanga nyumba, mnaweza kuzaa, mnaweza hata kugombana kama watu waliooana, lakini kwa wazazi hakuna ndoa. Nilitazama viatu vyangu. Wakati huo Muli, babake Mwende, alikuwa bado anatafuta mbuzi wazuri. Alitafuta miaka miwili.

"Umeona," akasema Mama Syombua. "Kesi ya mashamba na mikataba iliyopelekwa ikawekwa tu, bila kupangiwa kusikizwa, ni msichana ambaye ntheo haijafika. Huko mjini wanaitana bwana na bibi. Nenda kwa babake uulize. Kwa hivyo mtu akikuinulia karatasi ya mahakama, usisome mbele. Mbele kuna majina makubwa. Soma nyuma. Tafuta tarehe ya kusikizwa. Hakuna tarehe, hakuna mbuzi."

Mama Syombua sasa amepumzika kwao, anafuga kuku, na simu yake huwa imezimwa. Lakini usiku wa ile rangi nyekundu, nikisugua sweta kwa sabuni na mafuta ya taa, na rangi haitoki, nilimsikia kama yuko jikoni. Hakuna tarehe, hakuna mbuzi.

Sisi wazazi tulikuwa tumeshapeleka malalamishi bungeni mara moja, na sahihi zetu zote, wengine kwa kidole gumba. Bahasha ndiye aliyeyaua. Alisimama, akainua, akasema kiwanja cha chekechea kina kesi na stakabadhi anayo. Na kweli kesi ilikuwepo, hilo kila mtu alijua, kwa sababu aliyeshtaki ni shemeji yake mwenyewe. Chumba kilijengwa nusu yake ndani ya shamba la shemeji, na aliyewaonyesha mafundi mahali pa kujenga ni Bahasha. Sasa unaelewa kwa nini hataki mjadala. Haogopi kuharibu kesi. Anaogopa kuulizwa nani alipima kwa hatua za miguu.

Asubuhi yake nilimfunga mtoto wa pili mgongoni, nikachukua sweta na nakala ya zile sahihi zetu, nikaenda masjala ya mahakama. Siku zote ukiwa na jambo na serikali, enda na mtoto anayelia. Hiyo pia ni elimu.

Karani wa pale anaitwa Bi Zuhura, wa wale Waislamu wa mjini wenye asili ya pwani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Nataka kuona kama kesi fulani ina mbuzi."

"Samahani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akafunika uso na mtandio. Akatafuta faili, akalipuliza vumbi, akafungua. Mimi nikasoma juu chini kama zamani, lakini yeye alinigeuzia.

"Kesi ililetwa," akasema. "Haikupata kupangiwa tarehe. Na tazama hapa nyuma, mama. Mdai mwenyewe ameandika kuiondoa. Imeondolewa tangu muhula uliopita wa shule."

"Imeondolewa? Na kufuli?"

"Sisi hatukufunga kufuli yoyote. Humu hamna amri ya kufunga mlango."

Nilikaa chini kwenye benchi. Unajua, nilikuwa nimejiandaa kukuta ntheo haijapelekwa. Kumbe bwana harusi alishabeba nguo zake kitambo akaenda, na Bahasha bado anatualika kwa harusi. Siku zote hizo mwanangu ameketi kwenye mavi ya mbuzi akihesabu moja mpaka ishirini, kwa kesi ambayo haipo.

Bi Zuhura alinipa nakala yenye muhuri wa mahakama. Akaniambia, "Mama, hata kama kesi ingekuwepo, wewe hukuuliza kiwanja ni cha nani. Umeuliza watoto wakae wapi. Hayo ni maswali mawili."

Niliyaandika hayo maneno nyuma ya kitabu cha kliniki cha mtoto, nisiyasahau.

Niliandika malalamishi mapya pale pale kwenye benchi, kisha nikaenda moja kwa moja bungeni. Mlangoni alikuwa Mutua, askari wa zamani zangu, amenenepa.

"Eh! Mheshimiwa Birika! Umerudi kwa kazi?"

"Nimerudi kwa vita. Niandikie kwa kitabu."

"Niandike sababu gani?"

"Andika mbuzi."

Aliandika. Nimekiona hicho kitabu.

Nilikuwa nimefika kwenye korido, naelekea ofisi ya Karani wa Bunge, nani anatokea? Yeye mwenyewe, bahasha chini ya kwapa. Aliniona, akaona mtoto mgongoni, akaona sweta mkononi. Hawa watu huwa wanajua.

"Mama Mwende! Habari ya nyumbani? Nimesikia kuna kisa kidogo huko mnadani. Watoto, watoto." Akacheka. "Lakini pole pole, dada yangu, hilo jambo liko mahakamani."

"Liko wapi, mheshimiwa?"

Akagonga bahasha kwa kidole. "Stakabadhi ninazo."

"Fungua."

"Sasa, dada yangu, hapa ni korido..."

"Nikufungulie? Mimi nazijua, niliwahi kuzikausha. Yule mzee wa Migwani bado yuko humo ndani na suti yake? Mazishi yalikuwa miaka mingi iliyopita, mheshimiwa, mwache apumzike."

Milango ya ofisi ilianza kufunguka, mmoja, mwingine. Watu wa bunge wanapenda chai na kelele. Msichana wa sinia alikuwa amesimama kwenye kona, kimya, haonekani, macho yake yote kwenye ile bahasha. Nikamwona. Nikamwambia kwa sauti, ili na wengine wasikie, "Mwanangu, siku ukiimwagia chai, usinyamaze kama mimi."

Bahasha aliangalia saa yake. Akasema ana kikao. Hakukuwa na kikao. Mimi nilikuwa nimesoma orodha ya shughuli mlangoni.

Karani wa kupokea barua alikuwa kijana mpole mwenye tai. Alisoma malalamishi yangu mara mbili. Akapiga muhuri ukurasa wa kwanza. Akapiga muhuri nakala ya mahakama. Akapiga orodha ya sahihi. Halafu akafika kwenye sweta.

"Mama, hii siwezi kuipiga muhuri."

"Ni kiambatisho. Kimetajwa kwenye barua. Kisipopigwa muhuri, kesho mtasema sikukileta."

"Muhuri ni wa karatasi."

"Na rangi ni ya mbuzi."

Akaniangalia. Akamwangalia mtoto. Akainua sweta, akatafuta mahali, akaukandamiza muhuri pale kwenye lebo ya shingoni. IMEPOKELEWA. Ukatoka vizuri kabisa.

Ndugu zangu wadogo, mtu akiwainulia bahasha, mwambieni aifungue. Sina kingine cha kuwatia moyo. Barua yenyewe hii hapa, mwiige ikiwafaa.

*Kwa Karani wa Bunge la Kaunti.*

*KUH: MALALAMISHI KUHUSU CHUMBA CHA CHEKECHEA KILICHOFUNGWA*

*Sisi wazazi tuliotia sahihi tunalalamika kwamba malalamishi yetu ya kwanza yalikatizwa kwa madai kuwa jambo liko mahakamani, bila aliyedai kutakiwa kuonyesha ushahidi, kama Kanuni za Kudumu zinavyotaka.*

*Tunaiheshimu mahakama. Ndiyo maana tulienda kuiuliza. Kiambatisho cha kwanza kinaonyesha kwamba kesi haikuwahi kupangiwa tarehe ya kusikizwa na kwamba imeondolewa na aliyeileta. Hakuna amri ya kufunga mlango.*

*Hatuliombi Bunge liamue kiwanja ni cha nani. Hiyo ni kazi ya jaji, ikiwa mtu atamwendea tena. Tunaliomba lijadili watoto wataketi wapi, na nani ana ufunguo.*

*Tunaomba pia mheshimiwa aliyedai aiweke bahasha yake mezani mbele ya Spika, ifunguliwe.*

*Kiambatisho cha pili ni majina na sahihi zetu. Kiambatisho cha tatu ni sweta moja ya mtoto wa miaka mitano, yenye alama ya mnunuzi. Mbuzi aliyepakwa alama hiyo huondoka mnadani siku hiyo hiyo. Mwenye sweta bado yuko pale.*

*Tafadhali irudishwe kabla ya baridi ya mwezi wa saba. Hana nyingine.*

*Mama Mwende.*